Chaguo la "soft" haliongezi kasi ya NFS
Je, kuunganisha (mount) saraka ya NFS, yaani mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao, kwa chaguo la "soft" kunaongeza kasi? Hapana, "soft" haiharakishi usafirishaji wa faili. Inaiamuru tu kompyuta ikate tamaa seva inapochelewa kujibu, na mwongozo wa nfs wa Linux wenyewe unaonya kwamba hali hiyo inaweza kuharibu data kimyakimya. Kwa saraka inayoandikwa, tumia "hard", inayoendelea kujaribu hadi seva ijibu. Kasi itafute kwenye "nconnect", iliyoingia katika toleo la 5.3 la kerneli (kiini) ya Linux na inayoruhusu hadi miunganisho 16 ya TCP kwa seva moja, maana usipoandika "rsize" na "wsize" (ukubwa wa kipande cha data kinachosomwa au kuandikwa kwa mara moja), kompyuta na seva hukubaliana zenyewe juu ya kiwango kikubwa zaidi ambacho zote mbili zinakimudu. Tahadhari: "async" upande wa seva, yaani seva kuthibitisha uandishi kabla data haijafika kwenye diski, huharakisha uandishi kweli, lakini umeme ukikatika, data ambayo seva ilikwisha kuithibitisha inaweza kupotea.