Silika haizimi moto: jibu kwa aliyepaka silikati kwenye mbao na kujaza unga kwenye epoksi

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini mbao ulizopaka silikati ya sodiamu zimeota unga mweupe ndani ya wiki chache, na kwa nini epoksi (resini ya plastiki inayoganda ikichanganywa na kigumishi) uliyoijaza unga wa silika, madini ya mchanga, karibu nusu ya uzito bado inaungua. Makosa yote mawili nimeyafanya, la pili mbele ya bosi.

Unga ule ni magadi tu. Silikati ya sodiamu ni silika iliyoyeyushwa kwenye alkali. Ikikaa hewani inakutana na hewa ukaa, alkali inageuka magadi na silika inabaki kama jeli iliyokauka ikapasuka. Pitisha kidole: kinatoka cheupe, na chini yake kuna magamba yanayobanduka kwa ukucha. Mimi nilidhani nimepaka nyembamba, nikaongeza makoti mawili. Ndiyo kwanza ikapasuka zaidi. Nilitulia nilipohamia silikati ya potasiamu, kwa sababu kaboneti yake hunyonya unyevu na haijengi fuwele nyeupe usoni. Hata hivyo kwa mbao za kunyeshewa sishauri yoyote kati ya hizo mbili bila koti la kuzuia maji juu yake. Na vaa miwani, maana pH yake iko juu ya 11 na jicho halina subira na alkali.

Lakini usiidharau. Johann Nepomuk von Fuchs aliieleza tangu 1825, na kukinga vitu na moto ni kati ya kazi zake za mwanzo. Shikilia kibao kilichopakwa karibuni juu ya mwali: maji yaliyonaswa kwenye koti yanachemka, koti linaumuka kama unga uliotiwa hamira, kisha linaganda kuwa povu gumu lenye vitundu. Mbao iliyo nyuma inachelewa kufika nyuzi 250 hadi 300, joto ambalo huivunja na kutoa gesi zinazowaka. Koti likishageuka magadi haliumuki tena vizuri. Kwa hiyo ule unga mweupe si suala la sura tu, kinga yenyewe inaondoka nao.

Kwenye epoksi hali ni nyingine kabisa. Unga wa kwatzi, yaani silika ya fuwele, hauna maji wala gesi ya kutoa. Unachofanya ni kupunguza resini (epoksi yenyewe), yaani chakula cha moto, na kuacha ganda la majivu juu. Kipande changu cha kwanza, milimita 125 kwa 13, nilikining'iniza wima kama UL 94, kipimo cha kuungua kwa plastiki, kinavyotaka, nikakipa mwali sekunde 10. Hakikudondosha hata tone. Kiliungua polepole, kwa adabu kabisa, mpaka kwenye kibanio, na nyuma kikaacha mifupa myeupe iliyosimama na umbo lake lote. V-0, daraja la juu la kipimo hicho cha wima, linataka kipande kizimike ndani ya sekunde 10 kila mwali unapoondolewa, basi nikafeli. Kilele cha joto kilikuwa kimeshuka, lakini resini iliyokuwemo iliungua yote.

Anayezima ni haidroksaidi ya alumini: kuanzia kama nyuzi 200 huachia maji, karibu asilimia 35 ya uzito wake, na mvuke huo unapoza na kupunguza nguvu ya gesi zinazowaka. Kwangu ilifaulu ikiwa zaidi ya nusu ya uzito wote, pamoja na asilimia 2 ya ile silika nyepesi sana inayotengenezwa ndani ya mwali. Gramu moja ya silika hiyo ina eneo kama mita za mraba 200. Chembe zake hushikana kwa vikundi vya OH (oksijeni na hidrojeni) vilivyo usoni, resini inakuwa nzito ikitulia na laini ukiikoroga, na ule unga mzito hauzami chini ya ndoo.

Halafu kuna silani, kemikali ya kuunganisha unga na resini, ambayo wengi huiruka. Vunja kipande chako ukitazame kwa darubini. Ukiona punje safi zilizochomoka na mashimo yake, hakuna kilichozishika. Silani upande mmoja hujifunga kwenye OH za silika, upande wa pili kwenye resini. Natumia kama asilimia 1 ya uzito wa unga, kwenye alkoholi yenye maji kidogo, matone ya asidi ya siki mpaka pH 4 au 5 (silani ya amino haihitaji asidi), kisha nakausha kwa nyuzi 110. Dirisha liwe wazi, maana alkoholi inatoka, na moto usiwe karibu.

Na ukichekecha kwatzi, vaa barakoa ya vumbi ya kweli. Kitambaa hakitoshi, vumbi lake huleta silikosisi, na makovu hayo ya mapafu hayaondoki.

Weka picha ya kipande ulichovunja, na utaje kigumishi ulichotumia. Kabla ya hapo usiongeze silika.