Kikombe cha saa kumi

Swali lenu la wiki hii ni hili: mzee akitendewa vibaya na anayemtunza, ndugu watajuaje? Mimi nilichelewa kujua, na mzee mwenyewe ni mama yangu mzazi.

Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza na maneno yakabaki machache. Sisi watoto tumetawanyika: mimi Dar es Salaam, kaka Arusha, mdogo wetu Mtwara. Tukamtafutia binti wa kumwangalia pale nyumbani Tanga, tukawa tunachanga kila mwezi. Nikipiga simu naambiwa mama hajambo, kala, kalala. Nikienda namkuta kaoga, kavaa kanga safi, na chumba hakinuki mkojo hata kidogo. Nilimsifu yule binti mpaka kwa majirani.

Kisha mama akaanza kuchanganyikiwa. Aliniita kwa jina la marehemu dada yake, na usiku akigombana na watu wasiokuwepo. Tukasema ni uzee tu.

Desemba nikachukua likizo, nikakaa naye. Siku ya kwanza, baada ya alasiri, nikamwona binti anachukua kikombe cha mama cha plastiki, anakisuuza na kukipandisha juu ya kabati. Sikukitilia maanani. Usiku mama akanishika mkono, akawa analamba midomo. Ilikuwa imepasuka, ulimi mkavu. Nikampa maji, akanywa vikombe viwili mfululizo, na kila akimeza anatupa jicho mlangoni.

Asubuhi nikamuuliza binti. Hakukataa. "Dada, akinywa baada ya saa kumi anakojoa kitandani, na wa kufua ni mimi." Tulipomgeuza mama tukakuta kidonda juu kidogo ya makalio, kikubwa kama kifuniko cha soda. Hospitali wakatuambia ana upungufu wa maji na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwamba mambo hayo yanatosha kumvuruga akili mtu wa umri wake. Alipotibiwa akaniita kwa jina langu.

Hakupigwa, hakutukanwa. Ndiyo maana hatukuona. Shirika la Afya Duniani, linapoeleza unyanyasaji wa wazee, linahesabu pia kutotenda linalopasa, pale mzee alipomwamini mtu. Linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na kuendelea hutendewa vibaya kwa namna fulani katika mwaka mmoja. Zamani ningesoma hesabu hiyo nikafikiria nyumba za watu wengine.

Simtetei binti. Kumnyima maji mtu asiyeweza kujinyanyulia kikombe ni kumtesa. Lakini sisi tulimwacha binti wa miaka 19 peke yake, usiku na mchana, bila siku ya mapumziko, akiwa na shuka mbili tu, bila mpira wa kitandani wala pampasi. Aliposema amechoka, tulimjibu kwamba alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake. Tuliigeuza methali ile kuwa ruhusa ya kutouliza.

Basi, mtajuaje? Msiulize kwa simu iliyowekwa sauti ya juu huku mtunzaji kasimama pembeni. Nendeni bila kutoa taarifa, mkae na mzee peke yenu. Tazameni midomo, visigino, mgongo, na nguo zinazompwaya. Mkimuuliza jambo, angalieni anamtazama nani kabla ya kujibu. Tena ulizeni namba ya siri ya simu yake iko kwa nani. Shangazi yangu wa Unguja anapokea Pencheni Jamii, fedha za Serikali ya Zanzibar kwa wazee, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa waliofika miaka 70, na kwa miezi kadhaa mjukuu alikuwa akimpa nusu tu ya fedha, akimwambia serikali imepunguza.

Yule binti aliomba kuondoka, tukamlipa haki yake. Sasa wako wawili wanaopokezana, na kila mwezi mmoja wetu analala Tanga siku tatu. Mama ana kikombe chenye mikono miwili, na kinakaa pale pale kitandani. Juzi saa mbili usiku nilipiga, simu ikawekwa sikioni mwake. Hakusema kitu kwa muda. Nikamsikia anameza.