Maswali ya Wasomaji: Skrini Imeingia Giza, Kompyuta Ingali Hai

SWALI
Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ninakaa Kahawa Wendani. Kipakatalishi changu nilikinunua kikiwa kimetumika, katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi. Wiki iliyopita stima ilipotea nikiandika kazi ya darasa kikiwa kwenye chaja, na iliporudi nikakuta skrini ni nyeusi tititi. Feni inazunguka, kitaa cha kitufe cha kuwashia kinawaka, na nikiongeza sauti nasikia mlio wake. Fundi mmoja wa mjini alikitazama kidogo tu, akasema skrini imekufa na sharti ninunue nyingine. Je, ninaweza kuhakikisha jambo hilo hapa nyumbani kabla ya kutoa pesa?

JIBU
Marahaba. Unaweza, tena bila kugusa bisibisi. La kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo wengi, wakiwemo mafundi wenye haraka, huvichanganya: picha na mwanga. Skrini ya LCD, ambayo ndiyo iliyo kwenye vipakatalishi vingi, haijitolei mwanga. Kioo chake hupanga picha kwa kufungua na kuziba njia ya mwanga, ilhali mwanga wenyewe hutoka kwa safu ya taa ndogondogo za LED zilizopangwa ukingoni, mara nyingi ukingo wa chini, kisha ukasambazwa nyuma ya kioo kizima na bamba la plastiki angavu. Safu hiyo ikikosa umeme, picha hubaki palepale ikiwa kamili, ila hakuna anayeiona kwa kuwa imo gizani. (Skrini za OLED ni habari nyingine, maana kila nukta yake hujitolea mwanga; hizo hazina taa ya nyuma ya kuharibika.)

Basi ngoja jioni iingie au ufunge mapazia, uwashe kipakatalishi, na ukipe muda wa kutosha kumaliza kuamka. Washa tochi ya simu, uisogeze karibu sana na kioo, uiinamishe upande badala ya kuielekeza moja kwa moja, kisha uipitishe polepole ukitazama hasa pale ambapo kwa kawaida huona saa, jina lako au sehemu ya kuandikia nywila. Ukiona maandishi hafifu yaliyofifia kama kivuli, umepata jibu: kioo ni kizima, picha inafika, kilichokufa ni mwanga au njia inayoupelekea umeme. Usipoona kitu, usikate tamaa bado, kwa sababu picha yenye rangi nyeusi nyingi huwa ngumu kuonekana kwa njia hii. Azima runinga ya jirani yenye tundu la HDMI, uunganishe, na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P ili kuchagua picha itokee wapi. Picha ikitokea kwenye runinga, bodi yako inatengeneza picha vizuri na shaka inabaki kwenye skrini, kebo yake au umeme wa taa. Isipotokea popote, tatizo ni kubwa kuliko taa, na hapo huenda kumbukumbu (RAM) au bodi kuu ndiyo inayohusika.

Tuchukulie kwamba tochi imekuonyesha maandishi, kwani dalili ulizoeleza zinaelekea huko. Kabla ya kufungua chochote, ondoa sababu zisizo na gharama. Chunguza vitufe vya safu ya juu, vile vya F1 hadi F12: kipo cha kupunguza mwangaza, na katika mashine kadhaa kipo pia cha kuzima taa ya skrini kabisa, ambacho mkono hukigusa bila mwenyewe kujua. Kisha zima mashine, chomoa chaja, toa betri ikiwa ni ya kutoka, ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, urudishe vyote na uwashe. Najua hili linasikika kama uganga, lakini umeme unapokatika na kurudi ghafla, vidhibiti vidogo kwenye bodi huweza kukwama katika hali isiyoeleweka, na kuvinyima umeme wote ndiyo njia ya kuvifanya vianze upya.

Baada ya hapo tazama ni wakati gani giza linaingia. Ikiwa nembo ya kampuni huonekana vizuri mashine inapowaka, na skrini ikazimika Windows inapoanza kupakia, mshukiwa wako ni programu inayoendesha picha wala si kifaa. Jaribu kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, jambo linaloianzisha upya programu hiyo. Isiposaidia, tumia runinga kama skrini, kisha uiondoe programu hiyo na kuiweka upya. Lakini ikiwa giza lipo tangu sekunde ya kwanza, hata ndani ya BIOS (programu ya mipangilio inayoamka kabla ya Windows), usipoteze usiku kucha na data zako za simu ukipakua programu. Windows haina hatia hapo.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huicheka mpaka iwakute. Kipakatalishi hutambua kwamba kimefungwa kwa sumaku ndogo iliyo kwenye kifuniko na kihisi kilicho chini yake, kandokando ya kibodi. Simu yenye kava la sumaku ikilazwa mahali hapo, au bangili yenye sumaku, mashine huamini kwamba umeifunga na kuzima mwanga, au hata kulala kabisa. Ondoa kila kitu mezani ujaribu tena.

Yote hayo yakishindwa, tunaingia ndani. Katika bodi nyingi, umeme wa taa hutoka kwenye laini kuu ya chaja na betri, hupita kwenye fyuzi iliyo ndogo kuliko punje ya mchele, kisha hupandishwa na saketi inayoendesha LED, ambayo huwa kwenye bodi kuu au nyuma ya kioo chenyewe. Fyuzi hiyo ikikatika unapata hasa unachokieleza: picha ipo, mwanga haupo. Mtikisiko wa stima unaweza kuihusu, ingawa chaja nzuri hupokea pigo hilo kabla halijafika ndani. Maji, chai na kebo iliyochubuka ndivyo vinavyoikata zaidi. Kwa sababu hiyo fyuzi iliyokatika ni dalili, na anayekuambia airuke kwa kipande cha waya ili taa iwake leo anakuandalia bodi iliyoungua kesho. Ni lazima kwanza apime kama laini ya taa imegusana na ardhi ya umeme, yaani kama kuna shoti.

Kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe ni moja: kuchomoa chaja, kufungua kifuniko cha chini, kutenganisha betri na bodi, kisha kuchomoa na kurudisha kwa uthabiti kebo ya skrini huku akitazama kama kuna ukijani au unga mweupe wa kutu kwenye soketi. Mpangilio huo haubadiliki: chaja kwanza, betri ifuate, kebo mwisho. Skrini hutumia volti 3.3 tu, ilhali laini ya taa iliyo ndani ya kebo hiyohiyo, hatua ndogo sana kutoka kwa pini nyingine, hubeba volti za betri au chaja, ambazo katika mashine nyingi hufika 19. Kebo ikichomekwa mshazari wakati betri imeunganishwa, pini hugusana, na tatizo lililokuwa la kebo iliyolegea linageuka la fyuzi, la bodi, au la skrini ambayo sasa imekufa kweli. Kupima fyuzi na kubadilisha saketi ya LED mwachie fundi mwenye hadubini na mashine ya hewa moto. Sidhani kisu cha jikoni na gundi vina nafasi hapo.

Ukirudi mjini, mwambie fundi unachokijua: kwamba picha ipo na mwanga haupo. Maneno hayo peke yake hubadilisha mazungumzo. Kisha mwombe aunganishe skrini nyingine nzima kwenye mashine yako ukiwa umesimama hapo. Ikiwaka, nunua kwa moyo mweupe, ukihakikisha namba iliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya skrini inalingana na yako na kwamba soketi ni ya pini zilezile, 30 au 40. Isipowaka, skrini aliyotaka kukuuzia haingekusaidia.

SWALI
Habari ya kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Buruburu. Mwanga wa kipakatalishi changu huwaka nikikifungua nusu, lakini nikisukuma kifuniko nyuma zaidi hupepesa na kuzimika. Nimezoea kukiegemeza kwenye vitabu ili kisisogee. Je, niendelee hivyo hadi shule zifungwe?

JIBU
Nzuri, mwalimu. Nakushauri usiendelee. Mwanga unaofuata pembe ya kifuniko unaashiria kebo ya skrini, ambayo hupita kwenye bawaba na kukunjwa kila unapofungua na kufunga. Nyaya zake ni nyembamba kama unywele, na chache miongoni mwake ndizo zinazobeba umeme wa taa. Zikianza kukatika, mwanga hupepesa. Ganda lake likichubuka na waya ukagusa chuma cha bawaba, fyuzi niliyomweleza mwanafunzi wa Wendani hukatika, na kazi ya kubadilisha kebo inakuwa kazi ya kutengeneza bodi. Vitabu vyako vinaahirisha siku hiyo tu.

Usichanganye dalili hii na ile ya kihisi cha sumaku. Kihisi huzima mwanga kifuniko kinapokaribia kufungwa, na huuzima mara moja, bila kupepesa. Kebo huzimika popote inapopenda, na mara nyingi huleta mistari au rangi za ajabu kabla ya giza. Ukibonyeza polepole fremu ya plastiki karibu na bawaba na mwanga ukabadilika, huna haja ya uthibitisho mwingine. Hali hii haichagui mashine za bei rahisi. Mwezi Mei 2019 kampuni ya Apple ilitangaza mpango wa kutengeneza bure taa za skrini za baadhi ya MacBook Pro za inchi 13 zilizotoka mwaka 2016, na mafundi waliozifungua walikuwa wameshalaumu kebo bapa na fupi inayojisugua kila kifuniko kinapofunguliwa.

Kebo yako huenda ikauzwa peke yake, bila skrini. Usiiagize kwa jina la kipakatalishi tu, kwa maana mashine moja inaweza kuwa na kebo tofauti kwa skrini ya kugusa na isiyo ya kugusa. Mwombe fundi aitoe ya zamani na asome namba iliyochapishwa juu yake. Pia akague bawaba. Bawaba iliyokaza kupita kiasi au iliyong'oka kwenye plastiki ndiyo inayoibana kebo, na ikiachwa hivyo itakula mpya kama ilivyokula ya kwanza. Kwa sasa, ikiwa una mitihani ya kuandaa, weka kifuniko mahali ambapo mwanga umetulia, punguza mwangaza, utumie skrini ya nje, na uhifadhi nakala ya kazi zako.

SWALI
Fundi, ninaendesha duka dogo la intaneti Kariobangi. Kipakatalishi kimoja cha zamani sana huwaka na mwanga wa waridi, kisha huzimika baada ya dakika chache. Nikikizima na kukiwasha, huanza tena. Je, nibadilishe LED?

JIBU
Ndugu yangu, hicho hakina LED. Mwanga wa waridi unaozimika ni wa mrija mwembamba wa kioo, wa jamii ya taa za fluoresenti, uliotumika kabla ya LED kuenea kwenye vipakatalishi. Mrija unapochakaa hugeuka rangi, na bodi ndogo inayoupandishia umeme huona mambo si ya kawaida na kujizima ili kujilinda. Bodi hiyo hutoa mamia ya volti, na zaidi ya 1,000 wakati wa kuwasha, kwa hiyo usiingize kidole wala bisibisi humo mashine ikiwa na umeme, hata wa betri peke yake.

Mimi nisingeutengeneza. Mrija wenyewe una zebaki, huvunjika kwa urahisi, na kuutoa bila kuharibu karatasi za kusambaza mwanga kunahitaji mkono uliozoea. Kiunganishe kwenye skrini ya mezani kwa waya wa VGA, ukiache kaunta kifanye kazi ya kuchapisha. Siku utakapoamua kukitupa, usikipeleke jalalani pamoja na takataka za duka. Hapa Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki, na skrini yenye mrija ni mojawapo ya vitu vinavyostahili kufikishwa huko ikiwa haijavunjwa.