Shangazi, mke wangu hataki kusikia ndoto zangu

Marahaba mwanangu wa Mwanga, Kigoma. Barua yako nimeisoma yote, naifupisha ili wenzako waelewe. Unaandika tamthilia, mwaka jana ulituma stori kwa prodyuza mmoja wa Dar akasema atakupigia, kimya, halafu ukaja kuona kwenye tv tamthilia yenye binti anayetoroka kwao usiku kwa boti kama wa kwako. Tangu hapo unakesha kwenye tv "unasoma soko", alfajiri unaota uko jukwaani unapewa tuzo, ukimsimulia mkeo anasema anachelewa dagaa mwaloni Kibirizi, na mwezi huu hela ya kifurushi cha king'amuzi kamnunulia mtoto sare. Unauliza umuache upande treni uende Dar, maana akiba ya nauli unayo.

Pole kwa stori yako. Kutolea kitu jasho halafu mtu asikujibu hata kwa meseji inauma sana.

Sasa tuongee. Nusu ya barua umenisimulia tamthilia za Kituruki, nani kamsaliti nani, mtoto ni wa nani, ila kazi yako mwenyewe sentensi moja tu. Mtu anayeandika hawezi kujizuia kuiongelea kazi yake, atakuchosha nayo. Mimi nasema tangu ile stori hujaandika hata ukurasa, na mkeo analijua hilo kuliko mimi manake yeye ndo anapita hapo sebuleni kila siku.

Halafu hili ndo limeniuma zaidi. Umeandika mkeo "ananuna bila sababu, hasa mwezi ukiwa mkubwa". Mwanangu, wewe umezaliwa Kigoma! Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, mitumbwi inakaa nchi kavu, na mwanamke anayeishi kwa kuuza dagaa siku hizo hana pa kushika. Hiyo ndo sababu. Anapiga hesabu ya unga, ya kodi, ya mtoto, na wewe siku hizohizo unataka kifurushi na umeme wa Luku unaisha kwenye tv mpaka saa nane usiku, chumba na sebule, sauti yote inamfikia kitandani na yeye saa kumi na moja anatakiwa awe macho. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, huyo mgaagaa ndo mkeo na wali unaula wewe.

Kuhusu ndoto, unasema za alfajiri ni za kweli na hii imejirudia. Sikiliza, usingizi unaenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na ndoto ndefu zinakuja zaidi kuelekea asubuhi. Ukiamshwa katikati yake unaikumbuka yote, ukilala mpaka mwisho inapotea. Nani anakuamsha? Mkeo akifungua mlango kwenda mwaloni. Ndo maana unaikumbuka, na tuzo unaiota kwa sababu hizo sherehe unazitazama mpaka usingizi unakuchukua.

Na yule prodyuza, sijui kama kakuibia, na wewe hujui. Binti kutoroka na boti ni wazo, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyoandikwa, wazo tupu hailindi. Kama mazungumzo yako na matukio yako yamechukuliwa kama yalivyo, nenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na maandishi yako. Kama ni binti na boti tu, achana nayo, na stori ijayo isajili kwanza kabla hujaituma kwa mtu.

Ila nyie vijana mna shida moja kwenye ndoa na si wewe peke yako, barua za hivi napata nyingi, wanaume kwa wanawake. Mnataka mwenza awe shabiki, akae akupigie makofi, asipopiga mnasema haniungi mkono. Kwani anayelisha nyumba ili wewe ukae na kalamu anafanya nini? Makofi ni rahisi, hata jirani atakupigia. Kuamka gizani kwenda kugombania dagaa mwaloni kwa ajili ya mtu mwingine, hilo jirani hafanyi.

Kwa hiyo tv izime saa tatu, mkeo alale. Saa kumi na moja amka naye, mbebee ndoo zake mpaka Kibirizi, ukirudi kaa uandike kabla jua halijawa kali, hata ukurasa mmoja, kila siku. Mbalamwezi ikifika tafuta kibarua bandarini au sokoni, siku hizo zibebe wewe.

Dar usiende. Na hiyo akiba ya nauli, umeandika ipo "kwenye kibubu cha nyumbani", barua nzima hujataja hela hata moja uliyoingiza mwaka huu, hivyo hiyo ni hela ya dagaa ya mkeo. Usiiguse, na kama umeshachomoa chochote mrudishie leo kabla hajakivunja mwenyewe.