Nimekaa Tanga miezi kumi: grini kadi yangu bado ipo?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Naishi Minneapolis kwa grini kadi ya miaka 10, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nilikuja Tanga kumuuguza mama aliyepata kiharusi, nikidhani ni wiki sita tu. Sasa huu ni mwezi wa kumi. Shemeji ananiambia ukipitisha miezi 6 kadi imekufa. Rafiki yangu anasema mradi haijaisha muda, naingia tu. Nani mkweli? Na je, naweza kuomba kibali cha kurejea nikiwa huku huku?

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, dada. Wote wawili wamekosea, ila ushauri wa rafiki yako ndio utakaokuponza.

Miezi 6 haiui kadi. Ukipitisha siku 180, sheria inaweza kukuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, kwa hiyo afisa wa uwanja wa ndege ana nafasi ya kukuhoji kwa kina. (Kama umewahi kupatikana na kosa la jinai, hata dogo, onana na wakili kabla ya kupanda ndege.) Ukuta wenyewe uko kwenye mwaka mmoja. Ukikaa nje mwaka mzima bila kibali cha kurejea, kadi haikuingizi tena, hata kama tarehe iliyochapwa juu yake bado iko mbali. Unaweza kukataliwa na shirika la ndege pale pale Dar es Salaam.

Kibali cha kurejea huombwa kwa Fomu I-131, na siku ya kuituma lazima uwe ndani ya Marekani. Kwa safari hii umeshachelewa. Umebakiwa na miezi miwili, kata tiketi.

Ila usihesabu siku tu. Nimeona watu wanaoingia kila baada ya miezi mitano, wanalala wiki mbili kwa binamu, kisha wanarudi zao Afrika, wakiamini wako salama. Hawako salama. Kinachotazamwa ni kwamba makazi yako yako wapi hasa. Beba kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku: ripoti za daktari wa mama, mkataba wa nyumba ya Minneapolis, barua ya mwajiri kama alikupa likizo, taarifa za benki, na ritani za kodi. Kama ulijaza kodi kama mtu asiye mkaazi, hapo una tatizo. Nieleze kabla hujasafiri.

Afisa akikusogezea Fomu I-407, usisaini kwa uchovu wa safari. Hiyo ni ya kuirudisha grini kadi kwa hiari yako, na hiari hailazimishwi. Ukikataa, anaweza kukupeleka mbele ya jaji wa uhamiaji, na mpaka jaji aamue wewe bado ni mkaazi wa kudumu.

Mama akizidiwa na mwaka ukakupita, njia iliyobaki ni viza ya SB-1, yaani ya mkaazi wa kudumu anayerejea, kupitia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Utatakiwa kuthibitisha kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichokuzuia kilikuwa nje ya uwezo wako. Kiharusi cha mama ni hoja, lakini mlima ni mrefu.

Hukuuliza kuhusu uraia, ila nao umeguswa. Kukaa nje zaidi ya miezi 6 kunachukuliwa kuwa kumekata ukaazi wako wa mfululizo, ingawa unaweza kujitetea kwa nyaraka hizo hizo. Ukifika mwaka, umekatika. Wanaosubiri miaka 5 ili waombe uraia huanza kuhesabu upya, kwa kawaida miaka 4 na siku moja tangu warudi, na kibali cha kurejea hakiwaokoi katika hilo.

Ukishafika, na ukiona utahitajika tena Tanga, tuma I-131 kwanza, na ukiitwa kwa alama za vidole nenda, ndipo uondoke. Kibali kwa kawaida ni cha miaka 2, na kinaweza kutumwa ubalozini Dar es Salaam ukachukulie huko, mradi uwe umeomba hivyo kwenye fomu.