Kuipandisha lami pikipiki ya matopeni: karatasi kwanza, umeme wa pili, taa za mwisho

Ndugu yangu, umesema umenunua enduro (pikipiki ya mbio ndefu za porini) iliyotumika, injini ya cc 250, haina indiketa, haina vioo wala kibao cha namba, na kwenye shingo ya fremu ina stika inayosema ni ya matumizi ya nje ya barabara tu. Unataka kuitembeza barabarani kihalali na unauliza ununue seti gani ya taa. Mimi nilipita njia hiyo hiyo na pikipiki inayofanana sana na yako. Ilinichukua miezi saba, na zaidi ya nusu ya muda huo ulipotea kwa sababu nilianzia pale pale unapotaka kuanzia wewe. Nivumilie basi, jibu ni refu.

Taa usinunue bado. Anza na karatasi.

Stika ile ya shingoni si pambo. Maana yake ni kwamba mtengenezaji hakuipitisha pikipiki hiyo kwenye vipimo vya barabarani vya moshi, kelele na taa. Kuna nchi zinazokubali pikipiki ya namna hiyo ibadilishwe, ikaguliwe na ipewe namba. Kuna zinazokubali kwa masharti mazito ya moshi. Na kuna zisizokubali kabisa, ufunge taa za aina yoyote. Kwa hiyo nenda kwa wanaosajili huko kwako na uulize mambo matatu: pikipiki ya aina hii na ya mwaka huu inasajilika? Anayekagua ni nani, na anafuata orodha ipi? Moshi na kelele vinapimwa? Omba majibu kwa maandishi, na orodha yenyewe uichukue mkononi. Hiyo ndiyo itakayokuambia kama indiketa na spidomita ni lazima, kwa sababu hata hilo halifanani kila mahali.

Kisha isome namba ya chesisi kwa macho yako mwenyewe. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usiguse kwa msasa hata kidogo, kwa sababu namba iliyokwaruzwa inaonekana kama imechezewa. Ipige picha. Namba kamili ina tarakimu na herufi 17, na humo ndani herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Hati yangu ya mauziano ilikuwa imeandikwa herufi O mahali pa sifuri. Ombi langu lilirudishwa mara mbili kwa duara moja tu, na aliyeniuzia alikuwa ameshahama. Linganisha pia namba ya injini na hati. Pikipiki za matopeni huuzwa mkono kwa mkono bila karatasi, na zilizoibwa hupitia humo humo. Kama muuzaji hawezi kukupa hati yenye namba inayolingana, hapo ndipo kazi inapoishia.

Jambo la pili, jiridhishe kwamba uliyonayo ni enduro kweli, si motokrosi (ya mbio za kiwanjani) iliyofungwa taa. Motokrosi halisi mara nyingi stata yake, yaani kifaa cha ndani ya injini kinachozalisha umeme, inatoa umeme wa plagi na mahitaji ya injini tu, haina koili ya taa. Rimu yake ya nyuma kwa kawaida ni inchi 19, na tairi za barabarani za saizi hiyo ni chache. Gia zake zimekaribiana, kwa hiyo kwenye lami injini inalia muda wote. Enduro nyingi zina koili ya taa na rimu ya nyuma ya inchi 18, ambayo tairi zake zipo tele. Ukikuta ni motokrosi, ushauri wangu wa dhati ni kuiacha ibaki kiwanjani, utafute nyingine. Nimeona watu wakizilazimisha. Inawezekana, lakini wanaishia kujenga pikipiki upya.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliumia.

Nilinunua seti ya taa, nikaifunga jioni moja, nikawasha. Taa ya mbele iliwaka vizuri nikivuta mafuta, lakini injini ikiunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta ilififia na kupepesa. Honi ilitoa mlio kama nyuki ndani ya chupa. Indiketa ziliwaka na kubaki zimewaka, hazikupepesa kabisa. Nilidhani nimeuziwa vitu vibovu, kumbe vilikuwa vizima. Tatizo lilikuwa mimi sijapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni volti mara ampea, unapata wati. Taa ya mbele ya kawaida wati 35, ya nyuma 5, ya breki 21, indiketa mbili za upande mmoja 20, honi ya ampea 2 kama 24. Jumla 105. Kitabu cha pikipiki yangu kilisema koili ya taa inatoa wati 70, na hizo ni injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Nilipobadilisha zote kuwa za LED, matumizi ya kudumu yalishuka chini ya wati 30, na honi ikabaki ya kula kwa sekunde chache tu.

Lakini LED pekee hazitibu ugonjwa. Koili inatoa umeme wa AC (unaobadili mwelekeo), na vifaa hivyo vinataka DC (wa mwelekeo mmoja) iliyotulia. Kwenye stata kama yangu, ncha moja ya koili ya taa imeunganishwa na chuma cha stata chenyewe, yaani na mwili wa pikipiki. Ukifunga rektifaya (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC) hapo unapata nusu tu ya wimbi. Dawa yake ni kufungua kifuniko, kuiachanisha ncha hiyo na chuma kwa kisu cha kuchomelea risasi, kuiunga na waya unaovumilia joto na oili, kisha kuzitoa nje ncha zote mbili. Hizo mbili zinaingia kwenye regyuleta-rektifaya ya DC, ambayo pia inazuia volti zisipande mno, na kutoka hapo unapata chanya na hasi za kwenda kwenye betri. Kabla ya kufunga kifuniko, chukua multimita: kati ya kila ncha na chuma pasiwe na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, kuna mahali waya umeguswa, na utaunguza regyuleta.

Betri ndogo ya volti 12 inatosha. Mimi nilifunga ya ampea-saa 4 kwenye boksi la chujio la hewa. Injini ikiwa kwenye mwendo wa kati, pima kwenye vichwa vya betri: unataka kati ya volti 13.5 na 14.5. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, si kule mbele kwenye taa, kwa sababu fyuzi inalinda waya unaoifuata tu.

Na tafadhali, tafadhali, angalia waya pale shingoni. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, uone kama kuna waya unaobanwa au kuvutika. Mimi nilibana zangu kwa mkanda wa plastiki nikaona zimependeza. Baada ya wiki sita waya wa taa ya mbele ulikatika ndani ya ganda lake, nje hauonekani, na taa ikazimika usiku nikiwa katikati ya kona. Nilisimama kwa kukumbuka tu barabara ilivyokaa. Ndiyo maana nikisoma mtu anauliza seti ipi inapendeza, moyo unanienda mbio. Acha ulegevu wa kutosha pale shingoni, na utumie viungio visivyoingiza maji.

Ukaguzi wa kwanza nilifeli kwa sababu ya taa ya breki. Ilikuwa inawaka kwa pedali ya nyuma tu. Mkaguzi alibana breki ya mkono, akaangalia nyuma, akaweka alama ya X kwenye fomu. Ili breki ya mbele iwashe taa bila kubadilisha mkono mzima, kuna bolti ya mpira wa breki yenye swichi ndani yake, inayowaka kwa msukumo wa maji ya breki. Inaingia mahali pa bolti ya zamani. Ila zipo za aina mbili: zote ni milimita 10, lakini moja nafasi ya uzi wake ni 1.25 na nyingine 1.0. Ile isiyo yake huingia mizunguko michache ya mwanzo, halafu inakaza. Ukiilazimisha umeua kifaa cha breki. Izungushe kwa vidole kwanza. Weka washa mpya za shaba, toa upepo wote kwenye breki, ubane mkono kwa nguvu na uangalie kama panavuja. Nyuma pia nimefunga ya aina hiyo hiyo, kwa sababu ile ya kuvutwa na springi hujaa tope na kubaki imewaka.

Indiketa za LED zinahitaji flasha (kifaa kinachozipepesa) ya LED. Flasha ya zamani inategemea umeme mwingi wa balbu za kawaida ndipo ikate na kuunga, ikikosa huo inagoma au inapepesa kwa kasi ya ajabu. Sheria nyingi zinataka mapigo kati ya 60 na 120 kwa dakika. Hesabu kwa saa yako. Na kabla ya kulipia taa yoyote, geuza kioo chake utafute alama: herufi E yenye namba ndani ya duara, au DOT, kutegemea mfumo unaofuatwa kwako. Taa isiyo na alama inaweza kuwaka kuliko zote na bado ikakataliwa. Kibao cha namba kiwe na taa nyeupe inayokimulika. Vioo chukua vya kukunja, utavishukuru siku utakayorudi porini.

Kibao chenyewe kina mtego. Gurudumu la nyuma la enduro hupanda kama milimita 300 springi ikibanwa mpaka mwisho. Nilikifunga kibao kikiwa kimening'inia vizuri chini ya madigadi, na siku ya kwanza niliporuka tuta tairi likakitafuna. Toa shoki kwa muda, inua gurudumu mpaka mwisho wake, ndipo uchague mahali pa kukifunga.

Tairi: soma ubavuni. Zikiwa na herufi NHS au maneno yanayokataza barabara kuu, haziruhusiwi hata zikiwa mpya. Na hiyo si sheria ya karatasi tu. Meno marefu hujikunja kwenye lami, pikipiki inayumba kwenye kona na kusimama kunachukua umbali mrefu zaidi, hasa kukiwa na maji. Tafuta zenye alama ya barabarani na meno ya wastani. Upepo nao upandishe: mimi matopeni nilikuwa na psi 13, kwenye lami natumia 24, lakini wewe fuata maelekezo ya tairi lako. Kama rimu ina kishikio cha tairi (bolti inayozuia tairi kuteleza kwenye rimu), uzito wake upande mmoja utakutikisa ukikimbia, weka risasi za balansi upande wa pili.

Sproketi nilitoka 13 mbele na 50 nyuma, nikaenda 14 na 48. Uwiano ulishuka kutoka 3.85 hadi 3.43, injini ikapumua. Baada ya kubadilisha tairi, weka upya mzunguko wa gurudumu kwenye spidomita. Weka alama ya chaki, kaa juu ya pikipiki, isukume mzunguko mmoja, upime kwa milimita.

Ekzosi rudisha ile ya kiwandani kama unayo. Na usisahau kumwambia mwenye bima kwamba pikipiki imebadilishwa, kwa sababu bima iliyofichwa jambo hilo inaweza kukataa kulipa siku unayoihitaji.

Ukishakuwa barabarani, oili ihesabu kwa saa, si kwa kilomita. Injini yangu inabeba chini ya lita moja, na mwendo mrefu wa kasi moja huichosha haraka. Habu ya nyuma ya enduro nyingi haina raba za kumeza mshtuko kama za pikipiki za barabarani, kwa hiyo kila unapobana na kuachia mafuta ghafla, pigo linaenda kwenye gia. Endesha kwa mkono laini, na kagua cheni na spoku kila wiki.

Ukipata jibu la wasajili, weka hapa picha ya stata na rangi za waya zinazotoka kwenye injini. Nitakuchorea mchoro wa nyaya unaolingana na yako.