Niliomba Nuru, Ikamulika Nilichoficha

Kwa karibu miaka sita niliomba jambo moja: nione nuru ya Mungu. Nilikuwa nimesikia shuhuda za watu waliokesha wakiomba hadi chumba kikajaa mwanga, wakatoka pale wakiwa watu wengine kabisa. Nami nikafunga, nikakesha, nikafumba macho usiku kucha nikingoja. Sikuona kitu. Nikaanza kuamini kwamba Mungu ana watu wake wa karibu na mimi simo. Nakuandikia wewe unayengoja hivyo sasa hivi, kwa sababu najua jinsi kungoja kule kunavyokausha moyo.

Sisemi kwamba wanaotoa shuhuda hizo wanadanganya. Biblia yenyewe imejaa matukio ya namna hiyo. Ila niliporudi kuyasoma taratibu, niligundua jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani. Musa aliposhuka Sinai na mbao mbili za mawe, uso wake ulikuwa unang'aa na yeye mwenyewe hakujua (Kutoka 34:29). Walioona ni wengine. Sauli, kwenye njia ya Dameski, alimulikwa na nuru kutoka mbinguni, na matokeo yake yalikuwa upofu: akashikwa mkono kama mtoto, akakaa siku tatu haoni, hali wala hanywi. Tena nuru ile ilimjia pamoja na swali, nalo halikuhusu maono wala siri za mbinguni. Lilihusu watu aliokuwa akiwatesa: “Sauli, Sauli, mbona waniudhi?”

Swali hilo lilinikaa.

Kisha nikafika kwenye waraka wa kwanza wa Yohana, sura ile ya kwanza ambayo nilidhani naijua. “Mungu ni nuru, wala giza lo lote hamna ndani yake.” Nilikuwa nimeukariri mstari huo wa 5 tangu utotoni. Mstari wa 7 ndio ulionisimamisha. Yohana anasema tukienenda nuruni, basi nini? Nilitazamia aseme tutaona mambo makuu, au tutajaa furaha. Anasema, “twashirikiana sisi kwa sisi.” Alama ya kwanza anayoitaja ni uhusiano wangu na mtu mwingine. Na sura inayofuata haizunguki: anayesema yumo nuruni naye anamchukia ndugu yake, yumo gizani hata sasa.

Nilifunga kitabu, kwa sababu nilijua inapoelekea.

Mama yetu alipougua, sisi watoto wake tulichanga fedha za matibabu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzitunza. Wakati huo nilikuwa na deni lililonibana. Nikachukua sehemu ya zile fedha. Baada ya miezi kadhaa nilizirudisha zote, na mama alitibiwa, hakukosa dawa. Lakini dada yangu alipouliza kwa nini hesabu haikuwa imekaa sawa, nilimwambia yeye ndiye aliyekosea kujumlisha. Akaomba radhi. Dada yangu aliniomba radhi kwa kosa langu, nami nikapokea.

Miaka yote niliyokuwa nikiomba nuru, jambo hilo lilikuwa limelala pale chini, na kila nilipotulia kuomba lilinijia. Nililiita bughudha ya adui. Nilikuwa nalikemea! Sasa naamini ile ndiyo ilikuwa nuru niliyoomba, na nilikuwa naizima kwa mikono yangu. Zaburi ya 90 inasema Mungu ameziweka siri zetu katika mwanga wa uso wake. Nami nilikuwa nautafuta uso huohuo huku nikiomba usimulike kona ile.

Nilikwenda kwa dada nikamweleza. Haikuwa tamu. Alinyamaza muda mrefu, akalia, akasema fedha si kitu, kilichomuuma ni kwamba alijitilia shaka kwa miaka mingi. Tulikaa wiki kadhaa bila kuzungumza sana. Kisha akanipigia simu yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako ni huu: kabla hujaongeza siku za kufunga, angalia ni jambo gani linalokujia kila unapotulia mbele za Mungu, lile unalolifukuza haraka ili uendelee na maombi.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana wapo watu wenye dhamiri laini wanaoweza kuumia kwa maneno haya. Si kila sauti inayokulaumu ni nuru. Nilivyojifunza, nuru hutaja jambo: siku fulani, mtu fulani, neno fulani ulilosema. Na huonyesha hatua ya kuchukua. Lawama tupu haitaji chochote. Inakwambia tu kwamba wewe hufai, leo na kesho, na haikupi mlango wa kutokea. Ukiwa ndani ya hiyo ya pili, usijichimbe zaidi peke yako. Mtafute mchungaji, padri au Mkristo aliyekomaa unayemwamini. Na hata jambo likiwa wazi, ungamo huenda kwa Mungu na kwa uliyemkosea. Si lazima liende mbele ya kusanyiko zima.

Pia inawezekana umetengeneza yote uliyojua na bado ni giza. Usikate tamaa ukadhani kuna dhambi nyingine iliyojificha. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, alifungwa na watawa wenzake huko Toledo mwaka 1577, akakaa katika chumba kidogo kwa miezi mingi hadi alipotoroka mwaka 1578, na humo ndani alitunga mashairi ya kumtafuta Mungu. Alikuja kufundisha kwamba nuru ya Mungu ikizidi uwezo wa nafsi huonekana kama giza, jinsi jicho linavyozidiwa na jua. Mafundisho hayo yamenishika mkono kwenye majira ambayo sikuwa na cha kutubu wala cha kuhisi. Katika majira hayo naendelea tu na sala zangu za kawaida, hata zikiwa kavu.

Siku hizi sifumbi macho nikisubiri mwanga. Kila usiku nasoma mistari miwili ya mwisho ya Zaburi 139, “Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu,” kisha nanyamaza dakika chache. Mara nyingi halinijii neno lolote. Jana lilinijia jina la mtu ninayefanya naye kazi, niliyemjibu kwa dharau mbele ya wenzake. Leo asubuhi, kabla sijaketi kuandika haya, nimekwenda kumwona.